Ngozi Inayobaki Baada ya Sindano ya Kupunguza Mwili

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya Umoja, Kayole, Dandora na Buruburu, Nairobi



Najua wengi wenu mlicheka mlipoona jambo lililoandikwa kwenye barua ya mwaliko. Mmoja alinipigia simu akaniuliza kama siku hizi tumeacha ufugaji wa kuku na mikopo tukaingia mambo ya watu wa televisheni. La, hatujaacha. Nimelileta jambo hili kwa sababu katika muda mfupi kamati za mikopo za vikundi vitatu zimepata ombi la namna moja: mwanachama anataka mkopo akakatwe ngozi. Kikundi cha kwanza kilimjibu mama yule kwa kicheko, na tangu siku ile hajarudi mkutanoni. Cha pili kilikuwa tayari kumpa pesa zote alizoomba bila kumwuliza hata swali moja, kwa sababu ni mwekaji mzuri. Yote mawili si sawa. Cha tatu bado kimengoja, na ndio walioniomba nije.

Na ninyi mtakaosoma maneno haya huko mashambani, msiseme haya ni ya Nairobi tu. Binti zenu wako huku, na ujumbe wa kuchangisha pesa za hospitali hufika kwenu kwa simu siku hiyo hiyo.

Tuanze na sindano yenyewe. Dawa hizi zilitengenezwa kwa ajili ya ugonjwa wa kisukari. Ile inayojulikana zaidi ni semaglutidi, ambayo dukani huitwa Ozempic. Marekani iliiruhusu kwa kisukari mwaka 2017, na mwaka 2021 dawa hiyo hiyo kwa kipimo kikubwa, kwa jina la Wegovy, ikaruhusiwa kwa kupunguza uzito. Baadaye ikaja tirzepatidi, inayouzwa kwa jina la Mounjaro. Mtu hujidunga mara moja kwa wiki. Chakula kinakawia tumboni, hamu ya kula inapungua, na mwili unashuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba waliotumia semaglutidi kwa wiki 68, pamoja na kufuata ushauri wa chakula na mazoezi, walipoteza kwa wastani karibu asilimia 15 ya uzito wao. Kwa hivyo mama wa kilo 100 alikuwa na kama kilo 85. Kwa tirzepatidi ya kipimo cha juu, utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha karibu asilimia 20.

Mimi siwalaumu waliotumia. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya wanawake wanne katika kila kumi hapa Kenya wana uzito uliozidi, na sisi wenyewe tunaona magoti yanavyouma, presha na sukari zinavyopanda. Mtu akipewa dawa na daktari, akapimwa na kufuatwa, imemsaidia. Lakini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, na ile ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Inayouzwa saluni, au inayoletwa na kijana wa pikipiki ikiwa imefungwa kwa gazeti jua la saa sita, hamjui ndani mna nini. Mwezi wa Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote kwamba Ozempic za bandia zimepatikana sokoni, hata huko Uingereza na Marekani kwenye ukaguzi mkali. Sembuse huku kwetu.

Kuna jambo jingine, nalo linatuhusu sisi majirani. Mitaani mwetu mtu akikonda haraka watu huanza kumhesabia siku. Maneno yale tunayajua tangu miaka ya tisini. Mama mmoja aliniambia kwamba alipokuwa mnene aliitwa majina, na alipopungua wateja wake wa mboga wakaanza kupita mbali. Sasa mtu kama huyo akisema anataka upasuaji, msifikiri ni maringo peke yake. Sikilizeni kwanza.

Basi, ngozi. Chukueni lastiki ya kaptula ya mtoto. Ukiivuta kidogo na kuiachilia, inarudi. Ukiivuta miaka kumi, siku ukiachilia inaning'inia. Ngozi nayo ina nyuzi zake ndani za kuvuta na kurudi, na zikikaa miaka mingi zimenyooshwa, nyingine hukatika. Kwa hivyo si sindano inayolegeza ngozi, kama wengine wanavyosema. Ni zile kilo zilizotoka. Aliyepungua kwa mazoezi, au kwa kukatwa tumbo la chakula, au kwa kufunga, naye hulegea akipoteza kilo nyingi. Umri unahusika, na uzazi, na sigara, na hata damu ya ukoo. Binti wa miaka 25 aliyepoteza kilo 12 pengine atarudi vizuri baada ya mwaka. Mama wa miaka 48 mwenye watoto watano aliyepoteza kilo 35 hatarudi vile.

Na taabu yenyewe si ya macho tu. Tumbo likining'inia kama aproni, jasho hukaa katika mkunjo, ngozi inachubuka, ukungu unaingia, inanuka, inatoa maji. Mapaja yanasuguana. Mtu anayesimama siku nzima Muthurwa au Gikomba na vidonda vya namna hiyo anaumwa kama mgonjwa mwingine. Hapa kuna kazi ya kufanya kabla ya kufikiria kisu: kuosha mara mbili kwa siku, kukausha kabisa kwa kitambaa cha pamba bila kusugua, kuweka kitambaa safi kikavu katikati ya mkunjo, na kwenda dispensari kupata dawa ya ukungu badala ya kupaka poda yenye manukato. Chakula nacho kisiwe chai na mkate tu kwa sababu hamu imepotea. Anayepungua haraka hupoteza na nyama ya mwili, si mafuta peke yake. Ale ndengu, maharagwe, mayai, omena, maziwa, na afanye mazoezi ya kunyanyua vitu kidogo kidogo. Misuli ikijaa, ngozi hupata kitu cha kushikilia.

Lakini ngozi iliyozidi sana haiondolewi na chakula wala na krimu. Nimeonyeshwa chupa moja ya mafuta ya kukaza ngozi ambayo bei yake ingelipa karo ya muhula kwa shule ya kutwa. Mshipi wa kubana tumbo, na hata leso tunayojifunga baada ya kujifungua, hushikilia wakati umeuvaa tu. Ukiufungua jioni, kila kitu kipo palepale. Afadhali nilisema wazi, kwa sababu wengi hufika kwa daktari wa kweli pesa zimekwisha kwenye chupa.

Kinachoondoa ngozi ni kuikata. Upasuaji huu huitwa wa plastiki, na neno hilo halina uhusiano na mifuko iliyopigwa marufuku mwaka 2017. Maana yake ya zamani ni kufinyanga, kama mfinyanzi na udongo wake. Wala msidhani ni jambo geni lililoletwa juzi na matajiri. Wale Madaktari wa Ndege, AMREF, walianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, na wote watatu walikuwa wa upasuaji huu. Walishona waliochomwa na moto, waliozaliwa na midomo iliyopasuka, walioraruliwa na wanyama. Kazi ni ile ile ya mikono; linalobadilika ni sababu ya kuifanya.

Wanaoomba mkopo wengi wanataka tumbo, kwa hivyo nitakaa hapo. Daktari hukata kutoka nyonga moja hadi nyingine, chini kabisa, mahali nguo ya ndani inapofunika. Anainua ngozi ya tumbo, anakaza misuli iliyoachana wakati wa uzazi, anavuta ngozi chini, anakata inayozidi, na kitovu anakitobolea mlango mpya. Mgonjwa amelazwa usingizi kwa saa kadhaa. Akiamka huwa na mirija ya kutoa maji chini ya ngozi, na nguo ya kubana atakayoivaa wiki nyingi. Siku za kwanza hutembea ameinama kama mzee. Kwa kama wiki sita hanyanyui kitu kizito. Iko namna nyingine iliyo ndogo zaidi, ya kukata ule mkunjo unaoning'inia tu bila kukaza misuli. Hiyo haileti umbo la kupigiwa makofi, ila humwondolea mtu vidonda, na kwa wengine ndiyo inayofaa.

Mikono hukatwa kwa ndani, na kovu hutoka kwapani hadi karibu na kiwiko, kwa hivyo unabadilisha ngozi inayoning'inia kwa mstari utakaoonekana kila ukivaa blauzi fupi. Mapaja hupona polepole kwa sababu ya jasho na kusuguana. Matiti huinuliwa. Wengine waliopungua sana huzungushwa kisu kiuno kizima, na huo ni upasuaji mkubwa kweli. Haya yote hayafanywi siku moja. Daktari mwangalifu huyagawa, na kati ya moja na jingine huacha miezi. Ama uso uliokonda, zipo sindano za kuujaza, na hizo zikidungwa na mtu asiyejua zinaweza kuziba mshipa wa damu hata jicho likapofuka. Si kazi ya saluni.

Sasa sikilizeni hili, maana ndipo watu wanapopoteza pesa. Kunyonya mafuta kwa mrija ni kitu kingine. Mrija hutoa mafuta, ngozi haitoi. Ukinyonya pamba ndani ya mto, foronya inabaki. Aliyelegea akinyonywa mafuta huweza kulegea zaidi ya alivyokuwa. Lakini ndicho kinachotangazwa zaidi, kwa sababu alama zake ni ndogo na mtu huambiwa atarudi nyumbani jioni. Mwanachama akileta karatasi ya kunyonya mafuta, naye shida yake ni ngozi, mwulizeni nani alimpima.

Lini akatwe? Fundi wa nguo hapunguzi gauni la mtu ambaye bado anapungua. Uzito ukae mahali pamoja, na wengi wa madaktari hawa hutaka kama miezi sita. Akikatwa kilo zikiendelea kushuka, ngozi italegea tena. Na kinyume chake kipo: wale wa utafiti wa semaglutidi walipoacha dawa, baada ya mwaka mmoja walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili za uzito waliopoteza. Kwa hivyo anayesema, "Nitakatwa, halafu niache sindano kwa sababu ni ghali," ajue anaweza kujaza tena ngozi aliyolipa ikatwe. Anayetaka bado kuzaa angoje amalize, kwa sababu mimba itanyoosha tumbo upya. Mwenye sukari isiyotulia hafungi kidonda vizuri, wala mvuta sigara, wala mwenye damu chache kwa sababu amekuwa hali chakula. Sisi Waafrika pia tuna ngozi inayopenda makovu ya kuvimba, keloidi. Kama ulitoboa masikio au kuchanjwa pakavimba kama njugu, mwonyeshe daktari kabla, asije akakuachia uvimbe wa nyonga hadi nyonga.

Nisemapo haya najua wapo wanaotumia sindano kwa siri, hata mume hajui. Nyumbani huko ni juu yenu. Ila msimfiche daktari wa usingizi. Dawa hizi huchelewesha chakula tumboni. Mtu anaweza kufunga tangu jana jioni, na leo asubuhi tumbo bado lina ugali. Akilazwa usingizi, chakula kinapanda na kuingia mapafuni. Mwaka 2023 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilitoa maelekezo juu ya jambo hili, na tangu hapo yameendelea kuangaliwa: wengine huambiwa waruke dozi, wengine wanywe vitu vya majimaji tu siku moja kabla. Usijiamulie. Taja jina la dawa, kipimo, na siku uliyojidunga mwisho. Kama ilikuwa ya kununua mlangoni, sema ilikuwa ya mlangoni.

Baada ya upasuaji hatari kubwa ni damu kuganda mguuni na kupanda kwenye mapafu. Ndio maana huambiwa uanze kutembea mapema hata kama inauma. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, kifua kikibana, pumzi ikikata, ni hospitali saa hiyo hiyo. Kidonda kikifunguka, kikinuka, homa ikipanda, hivyo hivyo. Msingoje asubuhi, na msianze kumpigia aliyewatangazia bei.

Mwezi wa Oktoba 2024 mwanamke mmoja alifariki hapa Nairobi baada ya upasuaji wa kurekebisha umbo katika kliniki ya binafsi, na baada yake Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, lile linaloitwa KMPDC, liliifunga kliniki hiyo. Sitaki kuwatia hofu na msiba wa watu. Ninataka mjue kwamba Baraza hilo lina orodha ya madaktari na ya hospitali zenye leseni, na orodha hiyo hutazamwa kwa simu. Tafuta jina la daktari. Angalia kama leseni ni ya mwaka huu, na kama ameandikwa kuwa mtaalamu wa upasuaji wa plastiki, maana daktari wa kawaida naye ni daktari lakini hakusomea kazi hii. Madaktari wa fani hii wana chama chao hapa nchini, na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ina idara yao. Kisha uliza: nikizidiwa usiku, kitanda cha wagonjwa mahututi kiko wapi? Kama jibu ni, "Usijali mama," ondoka.

Tuje kwenye pesa. Ni laki nyingi, na bima ya serikali, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, msiitarajie ilipie urembo. Bei inayotangazwa mara nyingi ni ya kisu tu. Daktari wa usingizi, kitanda, vipimo vya damu, dawa, nguo za kubana, na safari za kurudi kufungwa vidonda huja baadaye. Wengine huvutwa kwenda India au Uturuki kwa kuwa bei inaonekana nzuri, lakini kidonda kikifunguka wiki ya tatu mtu yuko Kayole na daktari wake yuko ng'ambo ya bahari.

Maoni yangu kwa kamati ni haya. Mwenye vidonda visivyopona, mwenye barua ya daktari, achukuliwe kama mgonjwa yeyote, na mfuko wa ustawi ufunguliwe kwake. Anayetaka umbo aombe mkopo kama mikopo mingine, kwa akiba yake na wadhamini wake, bila kuchekwa na bila kupendelewa. Kwa wote wawili kamati ione hesabu yote ya hospitali kwa maandishi, jina la daktari likiwa limekaguliwa, na kadi ya dispensari inayoonyesha uzito wa miezi sita. Pesa zilipwe hospitali, zisipitie mkononi mwa mtu. Na sehemu ibaki pembeni, isiguswe, kwa ajili ya matatizo ya baadaye. Kikundi kinachotoa hadi shilingi ya mwisho kitakuja kulia na mgonjwa pamoja.

Kabla hatujaanza mama mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama ni dhambi. Nilimwambia swali hilo ni la zamani. Mwezi wa Oktoba 1958, siku chache kabla ya kufa, Papa Pio wa 12 alizungumza na madaktari wa upasuaji huu, wala hakuwakataza kazi yao. Aliangalia nia ya mtu na hali ilivyo. Nami nikamwuliza yeye nia yake. Alisema anataka kulala bila kuamka kujikuna. Nimempeleka kwa daktari wa ngozi kwanza.

Limebaki jambo la maji. Hao wajumbe wa kikundi cha tatu waliniambia mwanachama wao anakaa ghorofa ya nne, ploti haina lifti, na maji ya mfereji huja siku mbili kwa wiki. Mtungi wa lita 20 ni kilo 20. Yeye ndiye anayeupandisha, na ndiye anayebeba mjukuu. Basi mkifika kumjadili, kabla ya kusoma hesabu ya hospitali, andikeni majina ya watakaopandisha maji kwa wiki sita, zamu kwa zamu, na atakayekaa na mtoto, na atakayesimama kwenye kibanda chake cha mboga. Majina yasipotosha, mwulizeni kama ana dada anayekaa chini, ahamie huko kwanza. Uzito wake una miezi minne tu tangu utulie, kwa hivyo muda wa kupanga zamu hizo bado mnao.